Kibogoyo na Riale za Fedha

Tajiri Seifu alinunua ng'ombe wa Bi Mashavu kwa riale za kale za fedha, akijua bibi yule hana hata jino moja la kuzijaribia.

Bi Mashavu alizipapasa moja moja, akacheka. "Kibogoyo mimi, hata uji hunishinda kutafuna! Niazime meno yako, bwanangu, uzing'ate."

Seifu akazing'ata. "Fedha safi!"

"Si chungu?"

"Chungu kidogo. Kwani?"

"Masikio yangu mabovu, lakini nasikia za bandia huoshwa kwa sumu ya panya."

Seifu akatema mate, akazinyakua, akamwaga nyingine mkekani. "Shika hizi, ndizo za kweli! Dawa yake nini?"

"Sukutua kwa maji tu," alisema Bi Mashavu, akinawa vidoleni shubiri aliyompaka binti yake kifuani asubuhi ili mjukuu aache ziwa.