Kamba ya Mtamba wa Milembe

Hapo zamani, na msiniulize zamani ipi kwa sababu suruali niliyovaa siku ile bado ninayo, palikuwa na kijiji kinaitwa Igwandoba, huko Usukumani kwenye pamba na ng'ombe. Nilikuwepo. Sikusimuliwa na mtu. Niliona kwa macho haya mawili, na umati uliponiziba nikapanda juu ya stoo ya pamba, nikaona vizuri kuliko mwenyekiti wa mashindano. Kwa hiyo anayetaka kunibishia ale kwanza ashibe, maana sitanyamaza mapema.

Igwandoba wanawake hushindana baiskeli. Kila mwaka, pamba ikishauzwa, wanapangwa mstari mbele ya kiwanda cha kuchambulia. Wanakanyaga mpaka kisimani. Wanashuka, wanajaza ndoo, wanajitwika, wanapanda tena na ndoo kichwani, mkono mmoja kwenye ndoo na mmoja kwenye usukani, mpaka uwanja wa shule. Wa kwanza kufika na maji ndooni ndiye mshindi. Zawadi yake ni mtamba, ng'ombe jike mchanga ambaye hajazaa.

Sasa tegeni sikio, maana hadithi yote imefungwa hapa. Kwa desturi yao, mshindi habaki na kamba ya mtamba. Mshindi anabebwa juu juu, anaimbwa, jina lake linakaa midomoni mwa watu mwaka mzima. Kamba anamkabidhi mtu mmoja, yule aliyemfikisha pale, na mtamba anakuwa wake. Mmoja tu, si wawili. Na aikabidhi kabla jua halijazama. Likizama kamba haijapata mtu, mtamba anarudi zizini kwa chama cha wakulima, na aliyechelewa atachekwa mpaka pamba nyingine.

Bingwa wa baiskeli alikuwa Milembe, mke wa Masunga, mama yake Shija. Yule mwanamke akikanyaga, mbuzi walikuwa wanapisha njia wenyewe. Kila mwaka anashinda, kila mwaka kamba anampa Masunga, kwa kuwa ndiye aliyemzibia pancha. Hakuna ugomvi.

Halafu mwili wa Milembe ukageuka.

Ulianza polepole. Akawa anasikia baridi wakati sisi tunajipepea na kofia. Akawa analala amekaa, bakuli mkononi. Uso ukavimba, ngozi ikakauka, sauti ikawa nzito, nywele zikabaki kwenye kitana. Na unene ukaja, unene mzito kama wa maji. Springi za kiti cha baiskeli zikawa zinalia akikaa, mwishowe akaacha kukaa. Mama Limbu, yaani Kwandu, jirani aliyekuwa wa pili miaka yote, akawa wa kwanza.

Watu wakasema, "Mama Shija anakula." Uongo! Mimi nilikuwa napita jikoni kwake makusudi. Anapika ugali wa watoto, yeye anakula mlenda mtupu. Anashinda na uji mwepesi. Akafunga kula mpaka macho yakaingia ndani, na mkanda wa gauni haukulegea hata kidogo.

"Ni kama mnyororo umelegea," alimwambia mumewe. "Nakanyaga, nakanyaga, gurudumu halisogei."

Basi siku ya kuuza pamba tukawa tumejaa kituoni, jua la saa saba linachoma, mizani inaning'inia kwenye miti yake. Milembe akaja na furushi lake, amevaa sweta la sufu. Kwandu alikuwa amesubiri siku hiyo.

"Mama Shija!" akapaza sauti. "Sweta la nini jua lote hili? Umeatamia mayai?"

Watu wakacheka.

"Na nyusi zako nusu umemgawia nani? Mbona zimeishia katikati? Na hiyo sauti, mwenzangu! Jana umeniita nikadhani fahali wa Mzee Gamaya amekata kamba. Hebu weka pamba chini, upande wewe mizanini tujue mwaka huu mmevuna nini!"

Watu wakacheka mpaka karani akadondosha kalamu. Nami nilicheka, siwafichi. Na Milembe, kwa hasira, akafanya jambo ambalo hakuna aliyelitarajia: akatupa furushi, akakaa kwenye kombeo la mizani, pale panapowekwa furushi, mbele ya wote. Mshale ukakimbia, ukapita pale magunia yanapoishia.

"Mmeona?" akasema. "Utazameni vizuri huo mshale, kwa sababu utarudi. Na wewe Mama Limbu, mtamba ujao ni wangu."

Kwandu akajibu, "Utakuja na baiskeli au na mkokoteni?"

Masunga alikuwa amesimama nyuma, mwembamba kama mpini wa jembe. Hakugombana na mtu. Asubuhi akamweka mkewe kwenye keria, akaanza kukanyaga kwenda hospitali ya wilaya. Palipo na mteremko walikwenda wamekaa, palipo na kilima alisukuma, Milembe juu, jasho linamtoka kama mtu aliyenyeshewa. Wanaume wenzake barabarani wakawa wanamwuliza, "Masunga, unahamisha nyumba?" Akasukuma. Milembe akasema, "Baba Shija, nishushe, nife zangu huku." Akasukuma.

Huko wakamkuta daktari mwanamke, Daktari Mwakyoma. "Mama, unaumwa nini?"

"Kichwa tu," Milembe akasema. Aliona aibu.

Masunga akakohoa. "Daktari, mimi sijui magonjwa. Ila kuna jirani yetu alimtukana jana. Nikutajie matusi yake?" Akayataja yote moja moja: sweta kwenye jua, nyusi zilizoishia katikati, sauti ya fahali, kupandishwa mizanini, kisha akaongeza lake, uzito usioshuka hata kwa mlenda. Kila tusi daktari anaitikia kwa kichwa, anaandika. Mwisho akauliza, "Huyo jirani yenu amesomea udaktari?"

Damu ikapimwa. Majibu yakatoka. "Mama, hapa shingoni una tezi, umbo lake kama kipepeo," daktari akasema. "Ndiyo inayouambia mwili uchome chakula, upate joto, uamke. Yako imelegea. Si ulafi, si uvivu, wala hujarogwa. Utameza kidonge hiki kila asubuhi, maisha yako yote. Tumbo tupu, maji matupu, usubiri kwanza ndipo ule. Na nikuambie ukweli: kidonge hakikondeshi mtu. Kinakurudishia mwili wako. Kukonda utafanya kazi mwenyewe."

Milembe akalia pale pale. Akasema, "Kumbe si mlafi." Hilo tu, akalirudia njia nzima.

Sasa, mngefikiri shida imekwisha. Haijaisha! Huyu Milembe alikuwa na mama mkwe, Bibi Holo, anayekaa ng'ambo ya bonde. Kwao, mama mkwe anayempenda mkamwana wake humpelekea kibuyu cha maziwa alfajiri. Na mkamwana anayanywa mbele yake, kibuyu kirudi kitupu. Kikirudi na maziwa, maana yake, "Sikutaki wewe wala ng'ombe zako." Ndoa zimewahi kuvunjika kwa kibuyu kurudi kizito.

Milembe angefanyaje? Kila alfajiri Bibi Holo huyo mlangoni. Kila alfajiri Milembe anaweka kidonge ulimini, anakisukuma kwa maziwa, gudu gudu gudu. Mvua zikaanza, mvua zikaisha. Sweta bado lipo. Mshale haujarudi.

Wakarudi kwa daktari. Akapima, akakunja uso. "Unakimeza na nini?"

"Na maziwa ya mama mkwe."

Daktari akaweka kalamu chini. "Mama! Maziwa yanakikamata kidonge kabla hakijafika kinakokwenda. Umekuwa ukikitibu kibuyu."

Nani atamwambia Bibi Holo? Masunga akasema, "Mwambie wewe, ni mkweo." Milembe akasema, "Mwambie wewe, ni mama yako." Hakuna aliyemwambia. Alfajiri iliyofuata Milembe akapokea kibuyu, akakiangalia, akakirudisha kizito.

Lahaula! Bibi Holo akashika kiuno. "Milembe! Leo ndiyo unanikataa?"

"Mama, sikukatai. Ni kidonge. Kikikutana na maziwa hakifanyi kazi."

"Na mwanangu anajua?"

"Anajua, mama. Amejificha nyuma ya banda la kuku."

Bibi Holo akakaa chini. Kisha akainuka, akachukua kibuyu, akaondoka bila kuaga. Milembe akajua ndoa imekwisha.

Kesho yake alfajiri, majirani wakamwona Bibi Holo anavuka bonde na kibuyu kilekile, anatembea mwendo uleule. Akafika. Akampa. Milembe akafungua, akaangalia ndani. Maji. Maji matupu, ya kisimani.

"Kunywa na kidonge chako," Bibi Holo akasema. "Kibuyu kitarudi kitupu, na wambeya watakosa la kusema. Maziwa nitakuletea jioni. Na sasa nakaa hapa mlangoni mpaka muda wa kula ufike. Nikikuona umegusa hata punje ya karanga, nakuchapa."

Ikawa hivyo kila alfajiri. Mvua, anavuka. Umande, anavuka. Goti linauma, anavuka na fimbo.

Mwili wa Milembe ukaamka. Kwanza baridi ikaondoka, sweta likageuka kitambaa cha kupangusia baiskeli. Usingizi wa mchana ukamwacha. Sauti ikarudi. Akatoa baiskeli nje, akapanda, akaanguka. Akapanda, akaanguka kwenye miiba ya uzio wa Mzee Gamaya, mimi ndiye niliyemchomoa. Akapanda, akaenda mpaka shuleni, akarudi anahema kama mvukuto. Kesho akaenda mbali zaidi. Uzito ukashuka polepole, kwa ubishi, leo kidogo, kesho haukushuka kabisa, akakanyaga hivyo hivyo. Alikula, akashiba, akakanyaga. Springi za kiti zikalia kidogo, zikalia kidogo zaidi, zikanyamaza. Hakuwa mwembamba, msidanganyike. Alikuwa imara. Msimu wa pamba ulipofika akakaa kwenye mizani ileile, na mshale ukasimama mahali palipomfanya karani mwenyewe apige makofi.

Siku ya mashindano, Kwandu alitoka kwenye mstari kama risasi. Milembe nyuma. Kisimani wakafika pamoja, ndoo zikagongana. Kwandu akapanda kwanza. Milembe akajitwika, akapanda, akakanyaga. Vumbi. Akakanyaga. Kwenye kilima cha kanisa Kwandu akasimama kwenye pedali, ndoo ikayumba, maji yakamwingia machoni. Milembe alikaa kwenye kiti chake ametulia, shingo imenyooka, shingo ileile yenye tezi yake, na ndoo juu yake imetulia kama imejengewa. Akampita. Uwanja mzima ukalipuka! Vigelegele, filimbi, ngoma. Bibi Holo alirusha fimbo juu, mpaka leo haijapatikana.

Wakambeba. Wakamwimba. Kisha mwenyekiti akamletea mtamba, mwekundu mwenye doa jeupe kwenye paji, akampa kamba amkabidhi aliyemfikisha. Jua limeshainamia paa la shule.

Masunga akanyoosha mkono, amezoea. "Lete, Mama Shija. Nani alikusukuma vilima vyote vile watu wananicheka? Bila mimi ungekuwa bado umekaa na sweta. Kamba ni yangu."

"Toa mkono," mama yake akasema. "Wewe uliyejificha na kuku? Vidonge vya mkeo vilikuwa vinazama kwenye maziwa. Nani alivuka bonde na goti bovu? Milembe, nani aliyeipindisha desturi bila kuivunja? Bila mimi ungekuwa bado umekaa na sweta. Kamba ni yangu."

Mara Kwandu huyo, amelowa, anahema. "Samahanini, wakubwa. Kamba ni yangu."

"Wewe? Umeshindwa!" mama na mwana wakamaka.

"Nimeshindwa, ndiyo. Lakini ugonjwa nani aliuona? Mumewe alilala naye hakuuona. Mama mkwe alimwona kila alfajiri hakuuona. Mimi niliuona wote, nikautaja mbele ya watu, na daktari akaandika maneno yangu."

"Yalikuwa matusi!" Masunga akasema.

"Yalikuwa kweli," Kwandu akasema, macho kwa Milembe. "Bila mimi ungekuwa bado umekaa na sweta."

Wote wakamgeukia Milembe. Naye akaizungusha kamba mkononi, akasema kwa sauti ndogo, "Mwaka huu siitoi. Mlinisukuma, mkaniletea maji, mkanitukana. Wabeja, asanteni. Lakini kilima kile nani alikikanyaga? Aliyenifikisha ni mimi."

Mwenyekiti akachanganyikiwa. Desturi haijawahi kuona hilo. Akaamuru, "Mlegezeeni mtamba kamba, achague mwenyewe." Mtamba akageuka, akampita Masunga, akampita Kwandu, akaenda moja kwa moja mpaka kwa Bibi Holo, akakilamba kibuyu chake.

Mnapiga makofi. Ngojeni kwanza. Nimesema niliona kila kitu, na niliona kweli. Ila hapo pa kulamba kibuyu nimetia mkono wangu, kwa sababu nampenda yule bibi. Mtamba hakwenda kwa mtu. Alisimama palepale akaanza kutafuna kofia ya mwenyekiti. Jua likabaki ukingo mwembamba kama ukucha, mikono mitatu imenyooshwa mbele ya Milembe, na wa nne, wake mwenyewe, umeishika kamba na umekataa kufunguka.

Haya, semeni upesi kabla halijazama. Je, kamba ile nani aliistahili?