Kamba ya Mtanikumbuka

Sogeeni karibu, na anayesinzia akanawe uso, maana mwisho wa hadithi hii sinao mimi. Mnao ninyi.

Katika mji mmoja wa milimani, kule ambako mvua hainyeshi kwa msimu bali kwa mazoea, waliishi watu watatu, kila mmoja kajaliwa chake na kunyimwa chake.

Tumpale alijaliwa miguu. Alichuma chai tangu usichana wake hadi mvi zilipomwingia, akipanda na kushuka miteremko na kapu mgongoni, na jioni wenzake walipokaa kukanda magoti, yeye alikwenda kuteka maji. Alipostaafu, miguu haikupewa habari. Kila alfajiri ilimwamsha, naye hakuwa na pa kuipeleka. Mumewe alikwishatangulia mbele ya haki, watoto wako mbali, na nyumba ilikuwa na upweke ambao hata redio haikuuweza. Lakini ulimi hakujaliwa. Watu wawili wakimsalimia kwa pamoja, alimjibu mmoja na kumwonea haya wa pili.

Anyosisye alijaliwa ulimi. Alikuwa mnadi wa mitumba sokoni, na aliwahi kumuuzia mtu koti lisilo na kifungo hata kimoja, mtu akaenda zake akijisifu kwamba kapata koti la kupitisha hewa. Ulimi laini humtoa nyoka pangoni, na wa Anyosisye ungemtoa nyoka na kumuuzia soksi. Lakini aliogopa mbwa. Akimwona mbwa mbele alivuka barabara, na huko ng'ambo akiwapo mwingine, alirudi nyumbani.

Lusekelo alijaliwa utulivu. Alikuwa fundi viatu, na alipokaa kwenye kigoda chake, kuku wa jirani walitaga nyuma ya mgongo wake bila wasiwasi. Hakuwa na haraka na mtu wala na kiatu. Lakini nyonga yake ilikuwa mbovu tangu utotoni, na kwake kwenda dukani ilikuwa safari ya kuagwa.

Haya. Sasa mbwa.

Mtaa wao ulikuwa na desturi moja ambayo huenda hata kwenu ipo: mtu akigombana na jirani, hamtukani. Anafuga mbwa, kisha anampa mbwa jina. Ndiyo maana mtaani kulikuwa na Wivu, kulikuwa na Mtachonga, kulikuwa na Kwani Kwako. Mchana walifungwa minyororo migombani, usiku wakafunguliwa walinde, na jioni mwenye mbwa alisimama uani akaita kwa sauti, na jirani akasikia ujumbe wake.

Mzee Mwasomola aligombana na mtaa mzima kwa sababu ya mfereji wa maji, kwa hiyo jina la mbwa wake liliwahusu wote. Alimwita Mtanikumbuka.

Mzee akafa. Watu walikwenda kumzika, maana msiba hauna ugomvi. Wanawe walikuja, wakafunga nyumba, wakarudi walikotoka, na mbwa wakamwacha kwenye mnyororo wakisema anayemtaka amchukue. Hakuna aliyemtaka. Mmoja alimrushia ganda la muhogo, mwingine ukoko wa ugali, na kila mmoja aliamini mwenzake amemlisha vizuri zaidi. Mbwa akakonda, akazunguka mgomba mpaka mnyororo ukamsokota shingo. Siku moja Faraja, binti wa Anyosisye, mtoto wa shule ya msingi, akaingia uani kumfungua. Mbwa alishtuka, akamuuma mguuni.

Mtoto alipelekwa zahanati akachomwa sindano zote zinazotakiwa, kidonda kikapona. Mbwa aliangaliwa kwa mbali siku kadhaa, kichaa hakikuonekana. Hata hivyo mkutano wa mtaa uliitwa, na neno lilikuwa moja tu: auawe.

Hapo ndipo Anyosisye alipofanya lake. Alisimama, na watu wakampisha aseme, kwa kuwa aliyeumwa alikuwa wa kwake.

"Mwanangu alikwenda kumlegezea mbwa mnyororo," alisema, "mnyororo ambao mimi na ninyi tulikuwa tunaupita kila siku. Mnajua robota la mitumba? Nguo ikibanwa humo muda mrefu, inanuka. Ukiitoa, ukaipiga upepo, watu wakaishika, inavalika. Mbwa wetu wote wamo kwenye robota. Leo kauma huyu, kesho atauma wa kwako."

Akawauzia wazo kama anavyouza koti. Kila Jumamosi asubuhi, mbwa wote wa mtaa watoke pamoja, kutoka uwanja wa mpira kupitia sokoni hadi zahanati, ili wazoee watu na watu wawazoee. Masharti: mbwa awe na kamba, awe na chanjo, na mwenye mbwa aje mwenyewe. Mbwa wa marehemu naye aje, akiwa na wa kumshika. Ikiwa kufikia mkesha wa Pasaka atavuka soko bila kumdhuru mtu, ataishi. Mwenyekiti wa mtaa, mama mmoja asiyependa maneno mengi, akakubali. Anyosisye alirudi nyumbani akiwahesabu mbwa wa mtaa kwa vidole, kwa sababu katika kutetea alijikuta ameahidi kutembea kati ya mbwa.

Jumamosi ya kwanza ilikuwa vituko. Mama mmoja aliita, "Wivu, njoo hapa," na wanawake watatu wakageuka. "Unamwita nani?" mmoja akauliza, na kamba karibu zigeuke fimbo. Ilibidi Anyosisye apite mlango kwa mlango kupatanisha watu, na majina mengine yakapunguzwa makali. Wivu akawa Wiwi. Kwani Kwako akawa Kwakwa. Wengine hata wakasimulia ugomvi ulianzaje, wakaona aibu, wakacheka. Lakini Mtanikumbuka hakuwapo, kwa kuwa hakuna aliyeweza kumkaribia.

Hapo ndipo Lusekelo alipofanya lake. Alijikokota hadi ua wa marehemu akiwa na kigoda na sanduku la vifaa, akakaa pale mnyororo usipofika, akaanza kushona viatu. Hakumwita mbwa. Hakumtazama. Wateja walilalamika kwamba fundi kahamia kwa marehemu, naye akawajibu, "Viatu vyenu havina miguu, vitanisubiri." Kila siku alisogeza kigoda kidogo. Mbwa alinguruma, kisha akachoka kunguruma, kisha akaanza kungoja asubuhi. Siku moja alikuja kimya akalaza kidevu kwenye kiatu kilichokuwa mapajani mwa fundi. Lusekelo aliacha kushona. Alikaa hivyo mpaka mguu ukafa ganzi, machozi yakimtoka, maana tangu azaliwe hakuna kiumbe aliyewahi kumngoja yeye. Akamkatia ukanda wa shingo kutoka kwenye ngozi ya mkoba mkuukuu, akatupa mnyororo.

Lakini kutembea naye hakuweza.

Hapo ndipo Tumpale alipofanya lake. Alikuja na kiatu kisichohitaji kushonwa, akasimama, akakigeuza mkononi. Lusekelo akamsubiri.

"Mimi natembea," Tumpale alisema.

Basi. Akapewa kamba. Alfajiri iliyofuata miguu yake ilipata pa kwenda. Walipanda njia za chai wakashuka, mbwa akivuta, akigoma, akiruka kila alipoona toroli au mtu mwenye mwavuli. Kila kilichomtisha, Tumpale alimpitisha karibu nacho, akamrudisha, akampitisha tena. Ukungu ulipokuwa mzito alianza kuzungumza. Alimweleza mbwa habari za mumewe, jinsi alivyopenda ndizi za nyama na kuchukia kofia. Maneno ambayo hakuwahi kumwambia binadamu yalimtoka njiani bila shida. Kitu kimoja tu kilimshinda, nacho ni jina. Alimwita "wewe." Hakuna mtaani aliyelitamka jina lile, kwa kuwa kila mmoja alijua alikusudiwa yeye, na Tumpale alikuwa mmoja wa waliopita kwa mzee bila kumsalimu.

Mkesha wa Pasaka ukafika. Soko lilijaa. Mbwa walipita mmoja mmoja pamoja na waliowafuga, Wiwi mbele akijidai, na mwisho kabisa Tumpale na Mtanikumbuka, watu wakiwapisha. Walikuwa wamebakiza mabanda machache upepo ulipong'oa mwavuli mkubwa wa muuza vocha, ukaruka, ukaanguka mbele ya pua ya mbwa. Mbwa aliruka. Kamba iliyolowa mvua ikamponyoka Tumpale, na mbwa akakimbilia katikati ya watu, kulikokuwa na watoto. Wanaume wakaokota mawe.

Hapo mambo matatu yakatokea kwa wakati mmoja, kwa hiyo nisikilizeni vizuri.

Tumpale, ambaye sauti yake hata jirani alikuwa haijui, aliita soko lote likasikia: "Mtanikumbuka! Mtanikumbuka, rudi mwanangu!"

Anyosisye, ambaye siku zote alivuka barabara kwa kuogopa mbwa, aliruka kati ya mbwa na mawe, mikono kaipanua. "Atakayerusha anipige mimi kwanza," alisema, "halafu akamweleze Faraja."

Lusekelo, aliyekuwa akingoja mwisho wa soko kwa sababu ya nyonga yake, alikaa chini kwenye tope na nguo zake za sikukuu, akatulia, akatazama pembeni kama siku zote.

Mbwa akasimama. Akatazama nyuma kulikotoka sauti. Akamtazama mtu aliyesimama mbele ya mawe. Kisha akatembea polepole, akamfikia fundi, akalala kando ya mapaja yake. Mawe yalidondoka moja moja. Mwanamke mmoja alianza kulia, akasema hata msamaha hakumwomba yule mzee, na hakuwa peke yake. Msiniulize ni lipi kati ya yale matatu lililomsimamisha mbwa. Watu wa soko lile wanabishana mpaka leo, na kila mmoja aliona kwa macho yake.

Walipofika zahanati, mwenyekiti alisema, "Ataishi. Sasa alale kwa nani?"

Mtu mmoja akapendekeza awe wa wote watatu. Mwenyekiti akakataa. "Alishakuwa wa wote," alisema, "tukarushiana kazi mpaka mnyororo ukamsokota. Kila mbwa na mlango wake mmoja, na mtu mmoja wa kuulizwa. Nani?"

Tumpale alitaka kusema. Alitaka kusema kwamba kesho miguu itamwamsha, na hajui ataiambia nini. Alitaka kusema kwamba nyumba yake ina maneno tena, na mwenye kuyasikiliza ni huyu. Alichoweza kutamka ni hiki: "Apewe kaka Lusekelo. Ni kwake alikokwenda kulala."

Lusekelo aliinamisha kichwa, mkono ukiwa bado shingoni mwa mbwa. "Mimi nitamkalisha," alisema. "Mbwa anataka njia. Apewe Faraja. Yeye ndiye aliyekwenda kumfungua kabla yetu sote, na sasa anapotoka shuleni anazunguka mtaa mzima ili asikutane na mbwa. Akikua na huyu, hofu itakwisha."

Anyosisye akamtazama binti yake. Mtoto alikuwa amesogea, kanyoosha kidole kimoja, anagusa sikio la mbwa na kukirudisha, anagusa na kukirudisha. Baba alimtamania mtoto wake mbwa yule kuliko kitu chochote alichowahi kunadi. Lakini mganga hajigangi, na mnadi hakuweza kujinadia. "Apewe mama Tumpale," alisema kwa sauti ndogo. "Leo ndiyo mara ya kwanza kumsikia akiita. Tukimnyang'anya, atanyamaza tena."

Kila mmoja alimpa mwenzake kwa mdomo. Lakini mwenyekiti aliona mkono wa Tumpale ulivyoshika ncha ya kamba, mkono wa Lusekelo ulivyotulia shingoni, na Anyosisye alivyokuwa akitazama kidole cha mtoto wake. Akasema, "Basi mbwa achague." Wakaweka kamba chini, wakasogea pembe tatu. Mtanikumbuka aliwatazama mmoja baada ya mwingine, akapiga miayo, akazunguka mara moja, akalala palepale katikati. Hata mkia hakuuelekeza kwa mtu.

Mwenyekiti aliinama akaokota kamba, na kwa kuwa ilimshinda, akanipa mimi, nami nimetembea nayo hadi hapa. Pokea. Kuna aliyemtetea, kuna aliyemtuliza, kuna aliyemtembeza, na mmoja angepungua, mbwa huyu angekwisha kufa. Ungemkabidhi nani?

Na ukishamkabidhi, wageukie wale wawili watakaorudi nyumbani mikono mitupu. Utawaambia nini?