Sultani Aliyevishwa Eksi

Hapo zamani, masultani walipokuwa wakiugua maradhi ya kupenda kila kilichotoka ng'ambo, alikuwapo Sultani wa mji wa Kwalehe, jina lake Farhani, ambaye alikwisha kupenda saa zisizokwenda na viatu vilivyombana, hata ikawa sasa amependa Kiingereza. Hakukijua. Alikipenda tu, kama mtu anavyopenda chakula cha jirani kwa harufu.

Basi akatokea mtu aitwaye Maalimu Jauhari, mwenye kilemba kikubwa na maneno mengi, akasema kwamba Kiingereza hakina haja ya kusomwa neno kwa neno.

"Maneno yao, Maulana, yana vichwa vya Kilatini," alisema. "Ukikijua kichwa, umelijua neno zima. Pri ni kabla. Ri ni tena. Sabu ni chini. Eksi ni aliyekuwa naye sasa siye: eksi-waziri ni waziri aliyefukuzwa, eksi-mume ni mume aliyekwisha kuachana na mkewe. Vichwa hivi havisemi uongo."

Sultani akafurahi mno, akampa Maalimu chumba chenye zulia, na mbiu ikapigwa mjini kwamba vichwa vya Maalimu havisemi uongo, na atakayebisha atachapwa bakora. Maalimu naye akalipa fadhila. Kila aingiapo barazani aliinama na kusema, "Ekselensi!" Mawaziri, wasiojua lolote, wakamfuata, "Ekselensi! Ekselensi!" na Sultani akawa anavimba kama andazi kwenye mafuta.

Sasa, nyuma ya ukuta wa jumba palikuwa na kibanda cha fukara mmoja aliyeitwa Kombo Mapengo. Mkewe, Bi Mwanaisha, alikaanga vitumbua uani, na vitumbua hivyo ndivyo vilivyowalisha. Kazi ya Kombo ilikuwa kuvionja na kuzungumza. Sultani alikitaka kiwanja kile ajenge banda la farasi, ila aliona haya kumpokonya maskini waziwazi, maana wakubwa nao wana haya zao. Akamwita barazani.

"Ewe Kombo, nasikia mdomo wako haujapata kushindwa."

"Labeka, Maulana. Haushindwi ila na njaa."

"Vema. Ijumaa utaniletea neno la Kiingereza litakalomshinda Maalimu Jauhari kulieleza kwa vichwa vyake. Likimshinda, kibanda ni chako na cha wajukuu wako. Lisipomshinda, nakichukua."

Mawaziri wakacheka kwa adabu. Kombo hakucheka. Hakujua Kiingereza hata cha kumfukuzia kuku, na alipofika nyumbani na kumweleza mkewe, Bi Mwanaisha aliweka mwiko chini.

"Huo ulimi wako, Kombo! Ungenyamaza siku moja tu katika maisha yako, tungekuwa na pa kulala."

Akalia. Kombo alimtazama akilia kando ya jiko lake, akaona uchungu, maana jiko lile ndilo lililomweka hai, naye alikuwa amelichezea kwa mzaha wa barazani.

Basi akawa anakwenda kila siku kukaa mlangoni pa baraza, akimsikiliza Maalimu akiwakaririsha mawaziri. Hakuna aliyemfukuza, kwani nani anamwogopa mjinga? Jioni akirudi humwambia mkewe, "Bibi, uji umepoa, uri-chemshe."

"Uri-chemshe mwenyewe," hujibu Bi Mwanaisha, "nami nitakupri-piga, nikuadhibu kabla hujakosa."

Siku ya Alhamisi, Kombo akiwa na kitumbua mdomoni, mawaziri wakapaza sauti ng'ambo ya ukuta: "Ekselensi!" Kombo akaacha kutafuna.

"Umesikia?"

"Nimesikia kelele za kila siku."

"Mimi nimesikia kichwa," akasema Kombo, akacheka hata kitumbua kikampalia.

Ijumaa ikafika, baraza likajaa. Sultani akasema, "Haya, neno lako?"

"Ekselensi, Maulana."

Watu wakaangua kicheko. Maalimu akatikisa kilemba. "Hilo hata paka wa jikoni analijua! Ni neno la kumtukuza mtawala."

"Sikuuliza utukufu, Maalimu. Nauliza kichwa. Hapo mwanzoni pana nini?"

Maalimu akaanza kukirekebisha kilemba chake.

"Pana eksi," akasema Kombo. "Enyi mawaziri, mlifundishwa. Eksi ni nini?"

Nao, kwa kuwa walikariri kwa hofu ya bakora, wakajibu kwa pamoja, "Aliyekuwa naye sasa siye!" Waliposikia walichokisema, walitamani ardhi iwafunike.

"La, Maulana!" Maalimu akalia. "Katika neno hili eksi ni kutoka nje, kupanda juu ya wengine!"

"Ahaa, kumbe kichwa kimoja kina ndimi mbili. Na huyu aliyetoka nje, Maalimu, katoka nje ya wapi? Ya kiti?"

Sultani akashika mikono ya kiti chake. "Kombo, wasemaje?"

"Mimi mjinga, Maulana, naona mawili tu. Ikiwa kichwa kimesema uongo, neno limemshinda Maalimu, na kibanda ni changu. Ikiwa kimesema kweli, basi mawaziri wako wanakuita Sultani aliyekuwa, kila asubuhi, nawe unaitikia. Na mimi sijasikia sheria ya kumtoa mtu nyumbani mwake kwa amri ya eksi-Sultani."

Sultani akamtazama Kombo, akawatazama mawaziri, kisha akacheka, maana asingecheka angeonekana analia. Akaamuru kibanda kiandikwe jina la Kombo na wajukuu wake, na vitumbua vya asubuhi vya jumba zima vinunuliwe kwa Bi Mwanaisha. Halafu akamgeukia mwenye kilemba.

"Nawe tangu leo ni eksi-Maalimu. Kichwa hicho nadhani unakielewa."

Eksi-Maalimu akaondoka bila zulia. Neno lile la ekselensi likapigwa marufuku Kwalehe, na hadi alipokufa, mtu akipiga chafya barazani, ikasikika kama "eksii!", Sultani Farhani alipapasa kwanza kiti chake kuhakikisha bado amekikalia.