Chatu wa Nyamizi na Mtungi wa Siku Saba

Zamani, wajukuu zangu, zamani ile fisi alipokuwa bado akipiga hodi kabla ya kuingia zizini, palikuwa na mtungi. Nikisema palikuwa, ninyi semeni pakawa. Palikuwa! Nimesikia sauti tatu tu. Wengine macho yako kwenye mlango wa baba yenu mdogo. Tangu jana mnamchungulia bibi arusi wa watu, hamchoki? Geukeni huku. Palikuwa!

Haya. Palikuwa na mwanamke jina lake Nyamizi, mjane, mkimya, mwenye mikono mikubwa ya kazi. Yeye ndiye aliyetunza mbegu ya kijiji. Siku hizo kila nyumba ilikula mtama wake, lakini mtama wa kupanda ulikaa mahali pamoja, katika vihenge vitatu nyumbani kwa Nyamizi. Mwaka huo panya wakaingia. Wakamaliza kihenge cha kwanza. Wakamaliza cha pili. Kikabaki kimoja, na mvua bado mwezi mzima. Kikiliwa na hicho, hakuna wa kupanda, na kijiji kizima kitatawanyika kuomba chakula kwa watu. Nyamizi hakulala kwa hofu.

Akaenda kwa mjomba wake Luhende, mzee wa wale watu wanaocheza na nyoka. Mjomba akamsikiliza, akaingia ndani, akatoka na kapu. Ndani ya kapu alikuwamo chatu mchanga, urefu wake mkono na nusu. Nyamizi alishtuka, lakini akalipokea kapu.

Mjomba akamwambia: "Mpwa wangu, mlaze kwenye mtungi mkubwa, si chumba kizima. Nyoka hupenda ukuta umguse mgongoni. Mtandikie nyasi kavu, muwekee maji. Upande mmoja wa mtungi uelekee jiko apate joto, upande mwingine ubaki baridi achague mwenyewe. Funika kwa ungo, weka jiwe. Halafu umwache. Siku saba asiguswe, asitazamwe, asilishwe."

"Siku saba bila chakula, mjomba?"

"Siku saba."

Nyamizi akarudi, akafanya yote. Mtungi, nyasi, maji, ungo, jiwe. Lakini sikieni sasa, hapa ndipo shida ilipoanzia. Kijiji kile kilikuwa na desturi moja waliyoishika kuliko zote: mgeni haingii nyumba ya mtu bila kuamkiwa, na mgeni halali na njaa. Hata awe nani. Na sasa Nyamizi ana mgeni!

Siku ya kwanza wakaja majirani kumwamkia. Wakainua ungo, wakatazama, wakashika vichwa, wakafunika. Siku ya pili wakaja wa ng'ambo ya mto. Ungo juu, mikono kichwani, ungo chini. Siku ya tatu ungo haukutulia hata kidogo. Nyamizi alitaka kuwazuia, lakini utamwambia nini mtu aliyekuja na heshima zake? Chatu akajikunja akaficha kichwa chini ya mwili. Wakimfunika anatoka, anasukuma ungo kwa pua, anasukuma, anasukuma, mpaka pua ikachubuka.

Ngolo, mama mkwe wa Nyamizi, akaona pua ile. Akasema yule mgeni anatafuta chakula, na kwamba tangu aolewe hajawahi kuona aibu kama hiyo, mgeni siku tatu hajatiwa kitu mdomoni. Alisema kwa sauti ya kusikika mpaka kisimani. Nyamizi akaona uso wake unaungua kwa haya.

Akamsahau mjomba. Alasiri ile akatega panya, akampata mmoja mnene, mwenye meno ya njano, akamtumbukiza mtungini mzima mzima. Akafunika. Akaweka jiwe. Usiku ule ndipo alipolala, kwa sababu mgeni ana chakula.

Asubuhi akafungua. Wajukuu zangu, kaeni vizuri.

Panya alikuwa hai. Alikuwa amekaa juu ya mgongo wa chatu, anatafuna. Aliyeletwa kuliwa ndiye aliyekuwa anakula. Ngozi ya chatu ilikuwa imechanika mahali pawili, nyama inaonekana, naye hakujitetea hata kidogo, amejikunja tu, kichwa chini. Panya akaruka, akapita begani kwa Nyamizi, akaingia kwenye kihenge cha tatu. Nyamizi akakaa chini pale pale. Mama mkwe naye alikuja, akatazama, akakaa chini karibu yake. Ndiyo mara ya kwanza wawili wale kukaa pamoja bila neno.

Nyamizi akatoka mbio mpaka kwa mjomba. Akasema kila kitu, hakuficha hata panya. Alidhani mzee atamfukuza. Luhende akasema: "Amehamishwa, mpwa wangu. Hajui bado kama pale ni kwake. Mtu asiyejua yuko wapi, akitazamwa na kijiji kizima, atakula? Hata kupigana hawezi." Akampa asali ya kupaka vidonda mara moja tu, halafu siku saba zihesabiwe upya. "Siku ya saba jioni ondoa jiwe. Ungo usiuguse. Atausukuma mwenyewe akitaka."

Basi Nyamizi akapaka asali, akafunika, akaweka kigoda chake mlangoni na kukikalia. Majirani wakija, anawarudisha. Wakashangaa. Wakasema haya ni mambo gani, mgeni kufichwa. Yeye akashona mkeka wake. Siku moja, siku mbili, siku tatu, siku nne.

Siku ya tano akaja mtemi.

Alikuja na watu wake na ngoma yake, kwa sababu alisikia pana mgeni katika nchi yake ambaye hajamwamkia. Nyamizi akapiga magoti, akamsalimu kwa heshima zote. Lakini alipiga magoti katikati ya mlango, na hakuondoka. Ngoma ikanyamaza yenyewe. Watu hawakuamini macho yao. Kuna mama mmoja alimfumba mtoto wake macho, akijua mkuki unakuja.

"Mimi nimezuiwa mlangoni?" mtemi akauliza.

"Mtemi wangu, hata mimi sijamtazama siku tano. Nilimtazama mno mara ya kwanza nikamuumiza. Akifa huyu, mbegu inaliwa, na wewe utakuwa mtemi wa mashamba matupu. Niadhibu siku ya nane. Leo niache."

Mtemi akamtazama. Mbegu iliyokuwa ndani ilikuwa ya kila mtu aliyesimama pale, na yake pia. Akavua ndara zake asipige kishindo, akageuka, akaondoka pekupeku. Watu wake wakamfuata wakinyata, na mpiga ngoma amekumbatia ngoma. Midomo ilibaki wazi mpaka jioni.

Siku ya saba Nyamizi akaondoa jiwe. Siku ya nane mtemi akarudi, na kijiji chote nyuma yake. Ungo ulikuwa umesogea kidogo; Nyamizi akauinua.

Mtungi ulikuwa mtupu.

Nyamizi akaingiza mkono, akapapasa nyasi tu. Akawaza yule panya, akakimbilia kihenge, akafungua. Chatu alikuwa humo, amelala juu ya mtama, tumbo limevimba katikati. Yule mwenye meno ya njano hakuonekana tena mpaka leo.

Lakini hilo silo lililowashtua zaidi. Chatu aliinua kichwa, akatazama watu. Akashuka polepole, akapita katikati ya miguu yao, akapita juu ya unyayo wa mtemi, ambaye alisimama kama gogo. Hakuna aliyemgusa, hakuna aliyemwelekeza. Akafika kwenye mtungi, akaingia, akajikunja upande wa joto. Nyamizi akalia mbele ya watu wote. Chatu alikuwa amerudi nyumbani kwake. Mwaka ule walipanda.

Basi ninyi mliopikia mtu tangu jana na kumhesabia matonge, fundisho ni hili: aliyehamia mahali mpeni muda apajue, chakula atakiomba mwenyewe. Sijasema bibi arusi ni nyoka. Atakayekwenda kumwambia hivyo tutaonana. Nimesema ile sahani iacheni pale kizingitini, na macho yenu myalete kwangu.

Kisa kimeingia mtungini, nami nimekifunika. Jiwe sikuweka.

Mmesikia mlango? Kaeni hivyo hivyo. Asigeuke mtu.