Jina Moja kwa Watu wa Mateteni

Sogeeni karibu. Anayetaka kusinzia asinzie sasa hivi, kwa sababu mwishoni nitamuuliza kila mtu, na jibu la "sijui" silipokei.

Palikuwa na nchi ambayo siitaji, maana kila ninapoisimulia habari hii huwa kuna mtu anaapa kwamba ni kwao. Katika nchi hiyo palikuwa na mtaa ulioitwa Mateteni, chini kwenye bonde la maji, na mtaani humo waliishi watu watatu wenye vipaji.

Nyanjige alijua maji. Mvua ikinyesha mlimani, aliweza kukuambia maji yatapita nyuma ya nyumba ya nani na yatafika saa ngapi. Kila mwaka kabla ya masika watu wa Mateteni walitoka nyumba kwa nyumba kuzibua mfereji wao mkuu, na Nyanjige ndiye aliyetangulia na jembe begani. Usiku na mchana walilindana kwa miluzi: mmoja mrefu, maji yanakuja upande wa kushoto wa bonde, miwili mifupi, yanakuja upande wa kulia. Mtoto wa Mateteni alijua miluzi hiyo kabla hajajua kuhesabu.

Mzee Kapilima alijua viatu. Ukimpelekea kiatu akushonee, alikigeuza kwanza akaitazama soli, kisha akakuambia goti lipi linakuuma na ukikimbizwa utakatia upande gani. Watu walimwita mchawi, naye alicheka tu akaendelea kushona.

Shilinde alikuwa na mikono. Tangu utoto alidaka kila kilichorushwa, na alipokua akawa golikipa wa timu ya taifa. Siku aliyoitwa mara ya kwanza, Mateteni nzima ilitembea kifua mbele.

Sasa, Rais wa nchi hiyo alikuwa amebakiza miaka mitatu madarakani, na kuondoka hakutaka. Unga ulikuwa umepanda bei, hospitali hazina dawa, watu wameanza kunung'unika hadi kwenye foleni za maji. Akapiga hesabu zake, akaomba nchi iandae mashindano makubwa ya Kombe, akapewa. Siku tisa baada ya fainali akapanga kura ya kumwongezea miaka saba. Picha zake zikabandikwa kila ukuta, amekumbatia mpira kama aliyeuzaa.

Ulihitajika uwanja, na mahali palipoonekana panafaa ni Mateteni. Tingatinga zilifika Jumatatu asubuhi. Waliokaa chini mbele ya tingatinga hizo wakagoma kuondoka walikuwa arobaini na mmoja, wakapakiwa kwenye malori wakapelekwa gerezani kwa kosa la kuhujumu heshima ya taifa. Mabula, mume wa Nyanjige, aliingia akiwa anakohoa. Binti wa Mzee Kapilima, Sikudhani, aliingia na mimba ya miezi sita, akajifungulia humo humo. Mama yake Shilinde aliingia akiwa haoni vizuri, na sasa haoni kabisa. Miaka miwili ikapita bila kesi kusikilizwa, na wakili wao alikuwa na hoja moja tu mkononi: kwamba watu wa Mateteni waliondolewa kwa nguvu.

Mtaniuliza, ilikuwaje basi watu hawa watatu wakaja kufanya kazi kwenye uwanja huo huo? Njaa. Nyasi zilikuwa zinaoza, wataalamu hawajui kwa nini, wakamtafuta Nyanjige. Goli la kaskazini lilisimama palipokuwa jiko lake. Alikata nyasi juu ya mafiga yake mwenyewe, na kuna siku alishindwa kuendelea, akakaa chini akalia. Mzee Kapilima akapewa kibanda cha kushona njumu za wachezaji. Shilinde alikuwa tayari golikipa, na golikipa hakatai wito wa taifa wakati mama yake yuko mikononi mwa taifa hilo.

Wiki ya fainali, bwana mmoja wa Ikulu aliyeitwa Mchopa alimfuata Nyanjige penye mabomba ya maji.

"Mama, Kombe likibaki hapa, Mabula anatoka," alimwambia kwa sauti ya chini. "Ila usimwambie mtu. Ukisema tu, nami sijui lolote."

Nyanjige akanyamaza na siri yake. Asichojua ni kwamba Mchopa alikwenda pia kwenye kibanda cha Mzee Kapilima, na kambini kwa Shilinde, akasema maneno yale yale akibadilisha jina tu. Watu wa Mateteni, waliozoea kupigiana miluzi kwa kila jambo, safari hii kila mmoja alifunga mdomo wake. Hilo ndilo lililokuwa kosa lao.

Siku ya fainali mvua ilinyesha kuanzia saa sita. Kufika saa kumi uwanja ulikuwa dimbwi. Mwamuzi akadondosha mpira, ukatua pyaa na kubaki hapo hapo. Akasema anatoa nusu saa. Maji yasipoondoka, mchezo unaahirishwa kwa wiki mbili. Wiki mbili, yaani baada ya kura. Kule jukwaani, wakubwa wakaanza kutazamana.

Nyanjige alikuwa amesimama pembeni na jembe lake. Alijua kinachoyazuia maji: wajenzi waliufukia mfereji wa Mateteni kwa kifusi, nyuma kidogo ya jiko lake. Alijua pia kwamba akisimama tu bila kufanya kitu, sherehe ya Rais inaharibika, na watu elfu sitini wanarudi nyumbani wamelowa na wana hasira. Alilitaka hilo. Alilitaka sana. Kisha akakikumbuka kikohozi cha Mabula, jinsi kilivyosikika mara ya mwisho alipompelekea chakula, akazunguka nyuma ya goli akaanza kuchimba. Alichimba mpaka viganja vikachubuka, akalifikia jiwe la mdomo wa mfereji, akaling'oa. Maji yakanguruma, yakaifuata njia yao ya zamani, na baada ya dakika ishirini mpira ukadunda.

Wenyeji wakapata bao moja. Dakika ya mwisho wageni wakapewa penalti.

Mpigaji alikuwa mshambuliaji wao maarufu, na jana yake njumu zake zilifumuka zikapelekwa kwenye kibanda cha Mzee Kapilima. Mzee alikuwa amezigeuza kama kawaida yake. Aliona ilivyolika soli ya mguu wa kushoto, ule wa kukanyagia, akajua mtu huyu akibanwa hupeleka mpira upande gani. Uwanja mzima ukanyamaza kimya. Mzee, aliyekuwa nyuma ya goli na sanduku lake la sindano na nyuzi, akatia vidole viwili mdomoni, akapiga mluzi mmoja mrefu.

Shilinde aliusikia. Lakini kusikia si kudaka, ndugu zangu. Tangu kipindi cha kwanza kidole chake cha shahada kilikuwa kimevunjika, akakifunga kwa plasta bila kumwambia daktari, asije akatolewa. Mpira ulikuwa mzito kwa maji na ulikwenda pembeni kabisa, palepale kushoto. Akaruka, akautoa kwa mkono ule ule mbovu, na maumivu yakamfanya apige kelele ambayo watu waliidhania ya furaha.

Nchi ikalipuka. Watu ambao hawakuwa wamekula tangu jana walikumbatiana wakilia. Nyanjige naye alijikuta anaruka na kushangilia, na alipogundua anashangilia nini, aliona aibu akaacha. Rais akashuka uwanjani amevaa jezi yenye jina lake mgongoni, akalibusu Kombe kabla nahodha hajaligusa.

Ndipo Mchopa akawaita watatu wale nyuma ya jukwaa. Uso wake ulikuwa na furaha tele.

"Hongereni. Rais amefurahi, anatoa msamaha. Mtu mmoja."

"Mmoja?" Nyanjige akauliza. "Si uliniambia Mabula?"

"Mimi uliniambia Sikudhani," akasema Mzee Kapilima.

 Shilinde alimtazama Mchopa, kisha akawatazama wenzake, akaelewa.

"Akiwatoa wengi itaonekana amewaonea," Mchopa akasema bila hata kupepesa macho. "Mmoja ni huruma. Semezaneni. Bendi ikimaliza wimbo, mmoja wenu apande jukwaani, asome hii, ataje jina."

Akawapa karatasi, akasogea pembeni. Bendi ikaanza.

"Shikamoo, Mzee," akasema Shilinde, maana siku nzima hawakuwa wamesalimiana. "Mzee wangu, mluzi wako niliusikia. Lakini mikono ni yangu. Tazama kidole hiki. Mama yangu anapapasa kuta mle ndani."

"Marahaba, mwanangu. Na usingesikia mluzi ungerukia wapi?" Mzee Kapilima akajibu taratibu. "Binti yangu ana mtoto wa mwaka na miezi tisa ambaye hajawahi kukanyaga nyasi. Hajui nyasi ni kitu gani."

"Msingekuwa na penalti wala mluzi," akasema Nyanjige. "Mngekuwa na dimbwi. Mimi nimechimba. Mume wangu anatema damu, jamani. Nimeiona kwenye kitambaa."

 Hakuna aliyesema uongo, na hilo ndilo lililowaumiza. Nyanjige akaikunjua karatasi akaisoma kwa sauti ndogo: "Sisi watu wa Mateteni tuliitoa ardhi yetu kwa hiari, kwa mapenzi ya Rais wetu na heshima ya taifa. Waliopinga walitudanganya. Kwa unyenyekevu ninamwombea msamaha..." Kisha palikuwa na nafasi tupu ya kuandika jina.

"Kwa hiari," akarudia Shilinde.

"Wakili akiisikia hiyo, kesi imekwisha," akasema Mzee Kapilima. "Mmoja anatoka, arobaini wanaozea humo."

"Na tusiposoma?" akauliza Nyanjige.

"Hatoki mtu," akajibu Mzee.

Mchopa akawapungia mkono wafanye haraka. "Na msiogope," akasema, kana kwamba anawafariji. "Wenyewe wanawatazama. Rais ameagiza televisheni iwekwe uani gerezani, wafungwa wote waone fainali. Wameketi pale tangu saa tisa."

Nyanjige akafumba macho. Aliwaona: Mabula na kitambaa chake mdomoni, Sikudhani na mtoto mapajani, mama yake Shilinde akiuliza wa pembeni yake, sasa kunatokea nini? Na wale thelathini na wanane wengine, aliokuwa akizibua nao mfereji kila mwaka. Watasikia kila neno, na watasikia jina.

Mzee Kapilima akatazama chini. Shilinde akaupakata mkono wake uliovimba. Wote wawili, bila kupanga, wakamgeukia Nyanjige, kwa sababu tangu zamani ndiye aliyekuwa akitangulia. Bendi ikamaliza wimbo. Akapanda ngazi. Rais akamkumbatia mbele ya kamera, akamkabidhi kipaza sauti kwa mkono wake mwenyewe, na watu elfu sitini wakanyamaza wamsikilize.

Mimi naishia hapo alipofungua mdomo. Yupo mwenye maji, yupo mwenye soli, yupo mwenye mikono, na jina ni moja. Haya, wewe uliyekaa karibu na mlango, anza: kipaza sauti kiko mkononi mwako na wao wanakutazama uani. Unamtaja nani? Na kama hutaji mtu, utamwambia nini Mabula?