Hasira Zilizokula Viazi

Hapo zamani za kale, mawe yangali laini na wanyama wangali wakipika, Pimbi aliishi na watoto wake jabalini. Ni mnyama mdogo, hamzidi paka. Kila asubuhi alichukua kigae akaenda kwa jirani yake Nungunungu kuomba moto, na moto huo haukutoka bila soga.

Siku moja Nyani akahamia jabalini hapo. Kifua kipana, ndevu ndefu, sauti nzito. Akawakusanya wanyama wote, akawaambia:

"Jamani, mna hasira nyingi mno! Njooni pangoni kwangu kila adhuhuri, niwafundishe kutulia. Kila mmoja aje na chungu chake cha chakula, akifunike kwa kawa, akiweke nyuma yangu. Tukimaliza, tutakula pamoja."

Wakaenda. Wakakaa chini, wakafumba macho.

"Vuta pumzi. Toa, fuuu! Uchungu wote utoke, fuuu!"

Walipofumbua na kufunua makawa, lo! Vyungu vimebaki nusu.

"Nani kala viazi vyangu?" Nyati akafoka.

Nyani akatikisa kichwa kwa huruma. "Ni hasira zenu, ndugu zangu. Zikitoka mwilini huwa zina njaa."

"Hasira zinakula viazi?"

"Na mchicha pia. Unaona unavyofoka? Bado unazo tele. Kesho lete chungu kikubwa zaidi."

Eti! Na wanyama wazima wenye pembe zao wakaitikia, "Ndiyo, Mwalimu."

Pimbi hakuamini hayo. Aliamini baya zaidi: kwamba mwizi ni Nungunungu, kwa kuwa ndiye aliyekaa karibu na vyungu. Walipotoka akamwambia, "Shoga, viazi vyangu vitamu, eh?"

"Unaniita mwizi? Mimi ninayekupa moto hata siku za mvua?" Miiba ikasimama, chwaa! "Basi katafute moto kwingine!"

Siku nne Pimbi hakwenda kuomba moto. Watoto wakatafuna viazi vibichi, matumbo yakawauma. Naye kutwa alikuwa akimjibu Nungunungu kichwani, kwa maneno makali ajabu, na kila mara alishinda yeye. Ushindi juu ya ushindi, na jiko baridi.

Siku ya tano, pangoni, akachoka. "Acha leo nifanye kweli," akajisemea.

Akafumba macho. Akaisikiliza pumzi ikiingia, akaisikiliza ikitoka. Neno kali likaja, akaliacha lipite. Likarudi, akaliacha tena. Polepole kelele za kichwani zikapungua, kifua kikawa chepesi kama mtu aliyetua mtungi. Akasikia nzi. Akasikia maji yakidondoka ukutani, to! to! Kisha akasikia: mng'wa, mng'wa, mng'wa.

Kuna anayetafuna!

Akafumbua jicho moja. Nungunungu katulia palepale, kafumba macho, chozi linamtiririka. Na Nyani? Kichwa kimo ndani ya chungu cha Nyati.

Damu ikamchemka Pimbi. "Mh-mh. Pumua kwanza." Akapumua. Akalifumba lile jicho, akaanza kutabasamu.

Siku iliyofuata akaleta ndizi mbivu alizoziponda kwa asali. Na kwa ulimbo, ule utomvu wa kunasia ndege.

"Mwalimu, leo hasira zangu nimeziletea kitu kitamu."

"Vema sana, mwanangu! Fumbeni macho. Vuta... fuuu!"

Fuuu ya pili ilisikika. Ya tatu haikusikika.

"Mwalimu, tufumbue?" akauliza Kiboko.

"Mmmh! Mmmmh!"

"Amezama!" Nyati akanong'ona. "Hajawahi kuzama hivi!"

"Kazama kweli," akasema Pimbi. "Fumbueni mwone alikozamia."

Kumbe! Meno ya Nyani yamegandana, kiganja kimenata kwenye ndevu, na ndevu zimenata kwenye kawa, linaning'inia kidevuni kama kengele.

Nyati akapiga kwato, pu! "Namtoboa!"

"Pumua kwanza, kaka."

"Nipumue? Si mafundisho ya mwizi hayo?"

"Mwongo ni yeye. Pumzi ni yako. Vuta."

Nyati akavuta. Fuuu! Pembe zikashuka. "Basi simtoboi. Lakini viazi vyetu atavilipa kwa jembe."

"Atalima!" wakaitikia wote. "Na atapika, sisi tukimtazama!"

"Mmmh," akasema Nyani.

Kesho yake asubuhi Pimbi akapiga hodi kwa Nungunungu, kigae mkononi.

"Nimekukosea, shoga. Nilikuita mwizi, na mwizi hukuwa wewe."

Nungunungu akamtazama. Miiba ikanyanyuka kidogo, kisha ikalala, mmoja mmoja.

"Mbona umechelewa? Makaa yanakungoja siku zote hizi. Kaa basi, unipe habari. Zile ndevu zimebanduka?"

"Zimebanduka, zimebaki kwenye kawa!"

Wakacheka mpaka makaa yakataka kuzimika.

Hapo ndipo nilipoiacha hadithi, nawe ichukue: hasira itue chini, mtoto wangu, lakini haki yako usiitue.