Saa ya Bata Kulala

Paukwa!

Pakawa.

Itikieni vizuri, nimelima tangu alfajiri na sauti ya kuwabembeleza sina. Paukwa!

Pakawa!

Hapo zamani za kale, kando ya ziwa lenye matete mengi, waliishi Masalu na mkewe Nyamizi. Walikuwa na mtoto mchanga asiye na jina. Desturi ya kule ilitaka baba amshike bata mzamaji, mama anywe mchuzi wake, ndipo mtoto apewe jina. Mwezi ukiandama kabla ya mchuzi, mtoto huitwa Fulani mpaka kaburini. Na zilikuwa zimebaki siku tatu.

Siku ya kwanza Masalu aliingia ziwani alfajiri. Bata walikuwa wakizama kutafuta konokono. Akamnyatia mmoja. Bata akasema, "Utaniona nikitaka," akazama, akaibukia mbali. Akamfuata, akazama tena. Jua lilipofika utosini, Masalu alirudi nyumbani kula, kama wawindaji wote wa kule. Alimkuta Nyamizi amelala na mtoto, akamwamsha asonge ugali. Jioni akarudi ziwani, bata wakazama vilevile.

Siku ya pili, asubuhi, "Utaniona nikitaka." Mchana, "Nyamizi, amka." Jioni, "Utaniona nikitaka." Masalu akachoka mpaka mifupa ikamuuma.

Siku ya tatu hakuwa hata na nguvu za kurudi kula. Alikaa kwenye matete, maji kiunoni, akasinzia. Alipofumbua macho, jua lilikuwa la utosi na bata wamemzunguka, midomo wameificha kwenye manyoya ya mgongo, wamelala fofofo. Miaka yote, saa hiyo wawindaji walikuwa kwao wanakula ugali.

Akapitisha mkono chini ya maji, akamkamata mmoja miguu. Alikuwa bata jike, mzee. Hakupapatika.

"Asubuhi tunazama kwa njaa, jioni tunazama kwa njaa," alisema. "Tuna saa hii moja tu ya kulala. Umeijua, nami nimechoka kushindana. Ila niambie, mkeo analala saa ngapi?"

Masalu akafikiri. Usiku mtoto hulia. Asubuhi kuna kuni na maji ya kuteka. Jioni kuna chakula cha kupika. Akaikumbuka saa ya mchana, na aibu ikamshika.

Masalu alimchukua yule bata, maana mtoto alihitaji jina. Alipofika nyumbani, Nyamizi alikuwa amelala, mtoto kifuani. Masalu akapita kwa kunyata. Akachinja mwenyewe, akanyonyoa mwenyewe, akachemsha mwenyewe.

Nyamizi aliamka jua linashuka, akakuta mchuzi umeiva. Aliunywa wote, kisha akalia.

"Tangu nijifungue," akasema, "leo ndiyo nimelala."

Jioni ile mwezi uliandama, ukamkuta mtoto anaitwa Pumziko.

Ngano yangu naiacha hapo kwenye matete, anayeitaka akaichukue. Funzo lake ni hili: ukijua saa ya kulala ya unayemwinda, ijue na ya anayekupikia. Saa yangu ndiyo hii, na atakayeniamsha atasonga ugali yeye.